Lori la kokoto na neno la siri

Ndugu wasomaji, leo tuache kidogo habari za simu na programu, tuongee barabara. Msinikimbie! Kompyuta zitaingia tu, tena mapema kuliko mnavyodhani.

Chukueni barabara ya Athi River hadi Namanga, inayopita Kitengela, Isinya na Kajiado. Ni barabara iliyozaliwa karibu na vifaa vyake. Saruji iko Athi River, ambako kampuni ya East African Portland Cement imekuwa na kiwanda tangu miaka ya 1950. Mawe na kokoto huchimbwa upande huohuo. Mchanga huzolewa kwenye mito ya Kajiado. Kinachotoka mbali ni lami: kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe kiliacha kazi hiyo mwaka 2013, na lami siku hizi huingia kwa meli.

Sasa, ikiwa vifaa viko mlangoni, kwa nini kazi za barabara hukwama? Nikiitazama historia, naona mnyororo haukatiki kule machimboni. Hukatika kwenye kumbukumbu na kwenye malipo.

Tuanze na pesa. Mwaka 1993 Kenya ilitunga sheria ya ushuru wa matengenezo ya barabara, unaokatwa kwa kila lita ya petroli na dizeli. Mwaka 1999 ikaja sheria ya Bodi ya Barabara (KRB) kusimamia mfuko huo. Sheria ya 2007 ikagawa kazi ya wizara kwa mashirika matatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini, KeRRA kwa za vijijini. Serikali za kaunti zilipoingia mwaka 2013, nazo zikapewa barabara zao.

Fikirini maana yake kwa mji kama Kitengela, uliokua haraka baada ya viwanda vya EPZ kufunguliwa Athi River katika miaka ya 1990. Lori lilelile, kutoka machimbo yaleyale, linaweza kupeleka kokoto kwenye kazi za wateja wanne wa serikali, kila mmoja na mafaili yake. Dereva akilaghai kwa mmoja, watatu wengine watajuaje?

Upande wa ununuzi nao ulipata sheria. Ile ya 2005 ilianza kutumika 2007, kisha ikabadilishwa na ya mwaka 2015. Zote mbili zilitilia mkazo sana mlango wa zabuni: nani aruhusiwe kushindana, bei zifunguliwe vipi, nani akate rufaa. Ni jambo jema. Lakini ubora wa barabara huamuliwa baada ya zabuni, pale lori linapomwaga mzigo na mtu anapotia sahihi kwamba umefika na unafaa.

Hapo ndipo kompyuta zinaingia. Serikali ilileta mfumo wa fedha wa IFMIS, na mwaka 2014 ikazindua ununuzi wa kielektroniki ndani yake. Mwaka uliofuata kukazuka kashfa ya shilingi milioni 791 katika Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS), shirika ambalo wakati huo lilikuwa likifanya kazi za barabara kule Kibera. Mojawapo ya madai makubwa yalikuwa kwamba maneno ya siri ya maafisa yalitumiwa na watu wengine kuidhinisha malipo.

Sisi waandishi wa programu tuna somo hapo. Mfumo unaweza kuthibitisha kwamba neno la siri ni sahihi. Hauwezi kujua kama lori lilifika. Ukiidhinisha malipo bila kuyafunga na mzigo uliopimwa, umeharakisha karatasi tu, na mwizi naye umemharakisha.

Kuna upande wa pili, usiopigiwa kelele sana: lori limefika kweli, lakini pesa hazifiki. Mwaka 2024 ushuru wa mafuta ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mwaka 2025 serikali ikaamua kuweka rehani shilingi 7 kati ya hizo ili ipate bilioni 175 za kulipa madeni ya wanakandarasi. Mwanakandarasi asipolipwa, wa mwisho kwenye foleni ni mwenye lori aliyejaza dizeli kwa mkopo. Naye ana njia chache: apandishe bei, aache kuleta, au apunguze mzigo. Ile tabaka nyembamba ya kokoto inayobomoka mvua ya kwanza huenda ilianzia kwenye ankara iliyolala ofisini.

Dawa ya kiufundi si ghali. Kila lori lipimwe, uzito na saa viandikwe mahali pasipofutika, mpokeaji na mhandisi waweke sahihi kila mmoja kwa jina lake, na ankara isikubaliwe bila rekodi hiyo. Mashirika yote manne yasome daftari moja. Ikishaidhinishwa, siku zianze kuhesabiwa hadharani.

Wewe mwenye lori Kitengela au Kajiado, hebu tuambie hapo chini: ulipeleka mzigo lini, na ukalipwa lini? Tarehe hizo mbili, zikikusanywa kwenye jedwali moja, zitatueleza utendaji wa shirika la barabara kuliko ripoti yake ya mwaka.