Mchagua Jembe

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Methali hii huwakemea wavivu wazilaumuo zana zao, na ina haki. Lakini historia ya mchezo wa bolingi huko Marekani yatuonyesha ya kuwa yuko pia mchagua jembe aliye mkulima hodari.

Yamkini hujapata kuuona mchezo huu. Mchezaji huviringisha tufe zito, lisilozidi ratili 16, juu ya njia nyembamba yenye urefu wa futi 60, ili aviangushe vigingi kumi vilivyosimamishwa mwishoni kwa umbo la pembetatu. Mchezaji stadi hulizungusha tufe kwa vidole anapoliachia, ili likaribiapo vigingi lipinde na kuviingilia kwa mshazari. Tufe lijalo hivyo huvitawanya vigingi vizuri kuliko lile liendalo moja kwa moja.

Ama tufe haliwezi kupinda pasipo msuguano, na hapo ndipo taabu ianzapo. Njia za zamani zilikuwa za mbao, nazo zilipakwa mafuta zisichakazwe na matufe. Hata leo mafuta hupakwa katika sehemu kubwa ya njia, na mwisho wake huachwa mkavu. Je, umepata kuona gari lenye magurudumu yaliyolika likipanda mlima wa matope? Magurudumu huzunguka, lakini gari haliendi litakiwako. Ndivyo lilivyo tufe lenye kuteleza katika mafuta mengi.

Hapo kwanza matufe yalichongwa kwa mti mgumu mno uitwao lignum vitae. Mwaka 1905 likatokea tufe la mpira mgumu, na matufe ya namna hiyo yakatumika kwa miaka mingi. Katika miaka ya 1960 yakaenea matufe ya plastiki ya poliesta. Rangi zake zilipendeza macho, lakini maganda yake magumu yaliteleza juu ya mafuta.

Ndipo Don McCune alipotafuta njia nyingine. Aliliweka tufe lake la plastiki katika dawa kali ya kuyeyushia, ganda likapungua ugumu, nalo likaishika njia. Sheria za wakati ule hazikumkataza. Mwaka 1973 alishinda mashindano sita ya wachezaji wa kulipwa, akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwaka. Wengine wakamwiga, wakaloweka matufe yao katika ndoo, ingawa dawa ile hushika moto upesi na mvuke wake hudhuru.

Likazuka swali zito: je, ushindi ni wa mkono, au ni wa ndoo? American Bowling Congress, chama kilichoanzishwa mwaka 1895 ili kuusimamia mchezo huu, kilijibu mwaka 1976 kwa kuweka kima cha chini cha ugumu wa tufe. Hivyo werevu haukupigwa marufuku, bali uliwekewa mpaka.

Ndani ya mpaka huo mafundi waliendelea kutafuta. Mapema katika miaka ya 1980 yakaja matufe ya yurethani, na mapema katika miaka ya 1990 yakaja ya resini, yenye vinyweleo vidogo mno vifyonzavyo mafuta. Alama 300, ambazo ndizo ukomo wa mchezo mmoja, zikapatikana mara nyingi kuliko zamani.

Basi, ikiwa siku moja utachagua tufe la njia yenye mafuta mengi, historia hii na ikuongoze. Usivutwe na lile ling'aalo, kwa maana mng'ao huteleza. Tafuta ganda la resini lililokwaruzwa kwa msasa, na kiini cha ndani kisicholingana pande zote. Kiini hicho hulifanya tufe liyumbe kidogo lizungukapo, hata likaigusa njia kila mara kwa sehemu mpya isiyo na mafuta. Lifute kila urushapo, kwa kuwa ganda lililojaa mafuta hupoteza nguvu yake. Wala usilipeleke tufe hilo katika njia kavu, kwani huko litapinda mapema na kuchoka kabla ya kufika. Hapo lile tufe la zamani la poliesta litakufaa zaidi.

Kwa hiyo, msomaji wangu, mkulima mwema hulitazama shamba kwanza, ndipo achukue jembe. Tena akumbuke kwamba jembe halilimi peke yake. Ndoo ililibadili tufe la McCune, lakini haikulirusha. Mkono uliolirusha ulikuwa wake mwenyewe.