Exceed
Kitenzi elekezi cha Kiingereza, chenye asili ya Kilatini *excedere*, yaani kutoka nje ya mpaka. Hutafsiriwa kwa kutegemea muktadha.

1. *Zidi*, kwa idadi na vipimo: Gharama zimezidi bajeti.
2. *Pita*, kwa jambo la kusifiwa: Mavuno yamepita matarajio.
3. *Kiuka*, kwa kosa: Afisa amekiuka mipaka ya mamlaka yake.

Tanbihi: Katika ukanushi, kiwango chenyewe kilichotajwa bado kinaruhusiwa. Kwa mtu mzima, kikomo cha kawaida cha parasetamoli ya miligramu 500 ni vidonge 8 kwa saa 24. Tafsiri sahihi ni “visizidi 8”. “Visifike 8” humnyima mgonjwa kidonge cha nane. “Visipungue 8” huhatarisha maisha yake.