Namna ya Kutambua Mbegu za Nyasi Asilia za Malisho aina ya Cenchrus ciliaris

Wafugaji wa Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, wanaokusudia kurejesha nyasi asilia katika ngitili zao wanapaswa kuhakiki mbegu kabla ya kununua au kupanda. Kinachovunwa kama mbegu huweza kuwa kapi tupu. Makapi yakipandwa, mvua hupita na eneo hubaki wazi.

Ngitili ni desturi ya Wasukuma ya kufunga eneo la malisho wakati wa mvua na kulifungua kiangazi. Desturi hiyo ilihuishwa na Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), uliotekelezwa kuanzia mwaka 1986 hadi 2004. Cenchrus ciliaris ni miongoni mwa nyasi zinazofaa maeneo hayo kwa kustahimili ukame, isipokuwa kwenye mbuga za udongo mweusi unaotuamisha maji.

Sifa za mbegu

Suke ni moja, lenye umbo la mkia wa mbweha. Limeundwa na vishada vidogo vilivyozungukwa na singa laini zenye rangi ya zambarau au ya majani makavu. Punje imo ndani ya kishada, na urefu wake hauzidi takriban milimita 2. Suke lililokomaa hupukutisha vishada linapopitishwa mkononi.

Nyasi zinazofanana nazo

Cenchrus biflorus ina miiba migumu inayonasa kwenye nguo na manyoya ya mifugo. Chloris gayana hutoa masuke kadhaa yanayotokea sehemu moja kama vidole, na mbegu zake hazina vishada vya singa.

Upimaji

1. Chukua vishada 100 bila kuchagua.
2. Sugua kimoja kimoja kiganjani, kisha puliza makapi.
3. Hesabu vishada vilivyotoa punje ngumu. Vikiwa 40, basi vishada 60 katika kila 100 ni makapi.
4. Weka vishada vingine 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku 14 na uhesabu vilivyoota.

Mbegu mpya huota kwa shida hata zikiwa na punje. Zihifadhiwe mahali pakavu kwa miezi 6 hadi 12 kabla ya kupandwa.

Mbegu za kuuzwa husimamiwa na Taasisi ya Kuthibiti Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI) kwa mujibu wa Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003. Mnunuzi akague lebo na kudai risiti. Kwa ushauri, wananchi wawaone maafisa mifugo wa kata zao.