Alama za Kwapani

Dawa ya kwapa huacha alama za aina mbili kwenye nguo. Ya kwanza ni mchirizi mweupe kama wa chaki, unaojichora ubavuni mwa gauni jeusi pale mvaaji anapolipitisha kichwani. Huo ni unga wa dawa tu, na ukisuguliwa hutoka. Ya pili ni baka la manjano kwapani mwa shati jeupe. Hili huja polepole, mfuo hata mfuo, hadi kitambaa kinakakamaa kana kwamba kimetiwa wanga. Lawama huangukia jasho, ingawa sehemu kubwa ya jasho ni maji na chumvi. Manjano hutokea pale mafuta na protini za kwapani zinaposhikana na chumvi za alumini, ambazo ndizo kiini cha dawa ya kuzuia jasho. Asili ya baka basi ni dawa yenyewe, nayo haikuanza kwa kuchafua nguo. Ilianza kwa kuzila.

Kabla ya dawa, wanawake wa Ulaya na Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19 walijilinda kwa vikinga: vipande vya pamba na mpira vilivyofungwa au kushonwa ndani ya gauni, chini ya mkono. Gauni la hariri halikufulika kirahisi, kwa hiyo ilikuwa nafuu kuloanisha kikinga kuliko kuloanisha hariri. Ubaya wake ni kwamba mpira haupitishi hewa, na mwenye kikinga wakati wa joto alitoka jasho zaidi.

Mwaka 1888 ikatoka Mum, huko Philadelphia. Ilikuwa malai mazito ndani ya kopo, ya kuchotwa kwa kidole na kupakwa. Mum ilipunguza harufu bila kuzuia jasho. Kazi ya kuzuia jasho iliangukia Everdry mwaka 1903, iliyotumia kloridi ya alumini. Kemikali hiyo ikikutana na jasho huziba vinyweleo kwa muda, lakini ndani ya maji ni asidi kali. Ilichoma ngozi, na ilipomalizana na ngozi ikahamia kwenye kitambaa.

Aliyeifanya biashara hiyo ijulikane ni Edna Murphey, msichana wa Cincinnati. Baba yake, daktari wa upasuaji, alikuwa amebuni maji ya kukausha viganja ili visiteleze kwa jasho wakati wa kupasua. Binti akayajaribu kwapani, akaona yanafaa, akakopa dola 150 kwa babu yake na kuyauza kwa jina la Odorono. Jina hilo likisomwa taratibu kwa Kiingereza ni mguno wa mtu aliyenusa kitu asichokipenda. Mauzo ya nyumba kwa nyumba yalisuasua mpaka majira ya joto ya 1912, alipokodi kibanda kwenye maonyesho ya Atlantic City. Joto likamfanyia kazi ambayo wachuuzi wake walishindwa.

Odorono ilikuwa na dosari mbili ambazo mfuaji yeyote angeziona kwa macho. Ilikuwa nyekundu, na ilikuwa asidi. Aliyeivalia nguo kabla haijakauka alipata rangi kwanza na tundu baadaye, na mteja mmoja alilalamika kwamba imemharibia gauni la harusi. Ushauri uliotolewa ni kuipaka usiku kabla ya kulala, na kutonyoa kwapa kabla ya kuipaka. Aliyetaka kuwa mkavu Jumatatu kazini ilimbidi aanze maandalizi Jumapili jioni.

Hata hivyo iliuzika. Mwaka 1919 mwandishi wa matangazo James Young aliandika tangazo katika jarida la Ladies' Home Journal lililomdokeza mwanamke kwamba huenda ananuka na hakuna wa kumwambia. Wasomaji wapatao 200 walivunja usajili wao kwa hasira, na baadhi ya wanawake waliofahamiana na Young wakaacha kumsemesha. Mwaka uliofuata mauzo yalipanda kwa asilimia 112, yakafika dola 417,000. Hasira na ununuzi, inaelekea, vilikaa nyumba moja.

Matundu yalipungua baada ya mkemia Jules Montenier kupata hataza mwaka 1941 ya njia ya kupoza ukali wa asidi ile. Lakini alumini ilibaki, na baka la manjano likabaki nayo. Mwaka 1952 ikaja Ban, iliyobuniwa kwa kuiga kalamu ya wino yenye kijipira nchani. Kifaa kilichotokana na kalamu hakikusahau kazi ya ukoo wake, ila kiliandika kwenye mashati. Makopo ya kupuliza yalifuata, kisha vijiti vigumu, na hivi ndivyo vilivyoleta mchirizi mweupe kwa wingi.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na njia zake: ndimu iliyokatwa na kusuguliwa kwapani, nguo zilizofukizwa udi juu ya chetezo, na shabu, jiwe jeupe ambalo nalo ni chumvi ya alumini, ila pole. Lugha imehifadhi ushahidi. Kikwapa ni harufu ya kwapa, na kwa mafundi wa kanzu ni kile kipande kidogo kinachoshonwa chini ya mkono ili mvaaji aweze kuunyanyua. Neno moja limebeba kosa na mahali lilipotendeka. Kanzu nyeupe ikianza kuwa manjano hapo, ilisuuzwa kwa maji ya buluu, rangi inayolihadaa jicho lione weupe. Baka lenyewe halikwenda popote.

Mbinu za leo zina ujanja huohuo. Mchirizi mweupe hufutwa kwa soksi safi ya nailoni, na kuna wanaovua soksi waliyoivaa, papo hapo, mlangoni mwa ukumbi wa harusi. Wengine huvaa nguo ikiwa nje-ndani na kuigeuza tumboni kabla ya kutoa mikono, sarakasi inayotaka chumba kisicho na mashahidi. Mwalimu pekee ndiye asiye na haja ya kufuta, maana chaki imeshamtengenezea kisingizio. Mafundi wa mavazi ya maigizo hupuliza vodka kwapani mwa nguo zisizofulika, na harufu hukatika bila nguo kulewa.

Kwa manjano, dawa ya kung'arisha yenye klorini ndiyo ya kwanza kukimbiliwa, nayo aghalabu hulikoza baka. Siki au ndimu hufaa zaidi, kwa sababu asidi huilegeza alumini iliyoshika nyuzi. Wanaume wengi hawasumbuki na yote hayo. Huvaa fulana ya ndani, ambayo hulipokea baka badala ya shati, na ikishakakamaa hugeuzwa tambara la kufutia baiskeli.