Leseni, Simu na Kuporomoka kwa Tovuti za Tanzania

Kufifia kwa tovuti za Watanzania huhesabiwa kwa kawaida tangu mwaka 2018, serikali ilipozitaka blogu zikate leseni. Maelezo hayo yana ukweli, ila yanaanzia katikati ya safari.

Waliotangulia walikuwa wachache, baadhi yao ughaibuni. Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe, miongoni mwa blogu za kwanza za Kiswahili. Mwaka uliofuata mpigapicha Issa Michuzi akaanzisha yake. Mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi walifungua Jambo Forums, ambayo baadaye iliitwa JamiiForums. Februari 2008, mwezi ambao Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, waasisi hao walikamatwa na kuhojiwa na polisi.

Enzi hiyo intaneti ilipitia setilaiti na ilikuwa ghali. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, kama wenzao kwingineko, walikaa mbele ya kompyuta za intaneti kafe wakilipia muda. Msomaji aliijua anwani ya tovuti na kuiendea mwenyewe. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, bei zilianza kushuka, na polepole kompyuta ya kafe ikaiachia nafasi simu ya mkononi. Mwaka huohuo Facebook ilianza kutumika kwa Kiswahili. Zikafuata WhatsApp na Instagram, na sasa habari ikawa inamfuata msomaji. Blogu nyingi zilipoteza wasomaji kwa njia hii, kabla ya kanuni yoyote.

Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilidai shilingi 100,000 za maombi, milioni 1 ya leseni na milioni 1 nyingine kila mwaka. Mei mwaka huo Mahakama Kuu mjini Mtwara ilizisimamisha kwa muda, lakini zuio likaondolewa. Juni JamiiForums ikajizima kwa muda. Hoja ya serikali ya kulinda maadili haielezi kwa nini blogu ya mapishi itozwe sawa na blogu ya siasa. Wakati huohuo mtumiaji wa kawaida wa Instagram hakudaiwa leseni. Kwa hiyo wanaobishana kama tovuti ziliuawa na simu au na sheria wanatenganisha mambo yaliyosaidiana: simu iliwaondoa wasomaji, leseni ikawasukuma waandishi wawafuate kulekule.

JamiiForums ilidumu kwa sababu maudhui yake huandikwa na wanachama, na nyuma yake ilikuwapo kampuni iliyoweza kusimama mahakamani. Melo alishtakiwa Desemba 2016 na kutozwa faini Aprili 2020. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) ilisimamisha leseni ya jukwaa hilo kwa siku 90.

Kilichobaki mtandaoni kinaweza kumpotosha mtafiti. Blogu ya bure ya Blogspot huweza kuendelea kufunguka hata mwenyewe akiitelekeza. Tovuti yenye jina lake la kulipia hutoweka ada ya mwaka isipolipwa. Hivyo waliowekeza zaidi ndio wanaoonekana kidogo. Nakala zao hutafutwa Internet Archive ya San Francisco, inayohifadhi kurasa tangu 1996. Huko mara nyingi maandishi hupatikana na picha hukosekana. Kwa gazeti lililochapwa nchini, sheria inataka nakala iwasilishwe Bodi ya Huduma za Maktaba. Lakini historia ya tovuti hizi, kwa sehemu kubwa, inasomwa kutoka hifadhi ya ng'ambo.