Kumbukumbu ya Ally Sykes, Mfanyabiashara na Mwanamuziki wa Ridhaa

Katika vilima vya Maguu na sehemu nyingine za Umatengo, na chini yake mpaka mwambao wa Ziwa Nyasa, ngoma ya mganda huchezwa na watu ambao hawali kwa ngoma. Mmoja ni mkulima wa kahawa mwenye shamba la ngoro ubavuni mwa kilima. Wa pili ni mvuvi. Wa tatu ana duka la chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Muziki kwao ni heshima na furaha, na chakula hutoka mahali pengine. Aghalabu mtu wa namna hiyo akifa, kijiji humkumbuka kwa miaka michache, kisha jina lake hufutika, kwa kuwa vitabu vya historia havina ukurasa wa mwenye duka aliyepiga ngoma. Yafaa, basi, kumtazama mtu mmoja wa sifa hizo ambaye jina lake liliingia vitabuni, ili ionekane ni nini kilichoandikwa juu yake na ni nini kilichoachwa. Mtu huyo ni Ally Kleist Sykes wa Dar es Salaam.

Nyumba aliyozaliwa ilikuwa na askari, biashara na chama chini ya paa moja. Babu yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu aliyetoka Msumbiji miongoni mwa askari wa kukodiwa walioletwa na Wissmann mwaka 1889, Wajerumani walipokuwa wakipigana na Abushiri katika pwani. Baba yake, Kleist Sykes, alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapigana upande wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza. Amani iliporejea aliajiriwa katika reli, akaingia katika biashara, na mwaka 1929 alikuwa katibu wa kwanza wa African Association. Alifariki mwaka 1949, na mtaa mmoja wa Dar es Salaam una jina lake hata leo. Abdulwahid alizaliwa mwaka 1924, Ally akamfuata mwaka 1926, na baada yao alikuja Abbas, ambaye baadaye alikuwa balozi. Watoto hao walikulia mahali ambapo hesabu za duka na kumbukumbu za mkutano viliandikwa kwa mkono mmoja.

Vita Kuu ya Pili iliwachukua Abdulwahid na Ally wakiwa vijana. Walivaa sare ya King's African Rifles, wakavuka bahari mpaka Burma, ambako majeshi ya Uingereza yalikuwa yakipambana na Wajapani. Mtu aliyetoka nchi yake kwenda kuikomboa nchi ya mwingine hawezi kurudi na macho yale yale. Vijana wa Tanganyika waliorejea kutoka Burma walikuwa wameona watu wa mataifa mengi, wamesikia lugha na nyimbo nyingi, na wametambua kwamba bwana aliyewatawala nyumbani alikuwa mtu kama wao mbele ya hatari.

Mji waliourudia ulikuwa umeingiwa na dansi. Bendi ya Dar es Salaam Jazz ilikuwa imekwisha kuundwa tangu mwaka 1932, na santuri za rumba kutoka Kuba zilikuwa zimeufundisha mji mapigo mapya. Bendi nyingi za siku hizo zilikuwa mali ya vyama vya vijana: karani aliyeandika barua mchana alikuwa mpiga gitaa jioni, na vyombo vilinunuliwa kwa michango. Katika miaka ya 1950 Ally Sykes aliongoza bendi yake iliyoitwa Skylarks. Hakuwa mtu wa kuishi kwa malipo ya jukwaani. Alikuwa mtumishi wa Serikali kwanza, kisha mfanyabiashara. Lakini muziki na biashara vilikutana ndani yake. Alishirikiana na Peter Colmore, Mwingereza wa Nairobi aliyefanya biashara ya muziki na matangazo, yule yule aliyewaleta Nairobi wapiga gitaa wa Katanga, Mwenda Jean Bosco na Edouard Masengo, mwishoni mwa miaka hiyo. Kwa njia kama hizo santuri ilifanywa bidhaa ya Mwafrika wa mjini, naye Ally alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache walioujua muziki kwa pande zote mbili, wa kuupiga na wa kuuza.

Historia, hata hivyo, imemhifadhi kwa jambo jingine. Tarehe 7 Julai 1954 watu kumi na saba walikutana Dar es Salaam na kuunda TANU. Ally alikuwa mmoja wao, pamoja na kaka yake Abdulwahid. Alikuwapo pia C. O. Millinga, mwenye jina la ukoo ambalo mtu wa Mbinga hulitambua mara moja. Kadi nambari 1 ya chama ilikuwa ya Julius Nyerere; nambari 2 ilikuwa ya Ally Sykes. Tendo hilo halikuwa jepesi. Mwaka mmoja kabla, Serikali ya kikoloni ilikuwa imetoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa TAA, chama kilichozaliwa na ile African Association ya mzee Kleist. Mtumishi aliyevunja katazo hilo alikuwa ameuweka mshahara wake rehani.

Ni hapa ambapo duka na bendi hudai haki yao katika masimulizi. Mtu asiye na chochote ila mshahara humwogopa anayeutia sahihi. Aliyekulia katika nyumba ya biashara anajua kwamba riziki ina milango mingi. Na bendi nayo ni shule. Kiongozi wake hukusanya michango, hutunza hesabu, hukodi ukumbi, hupatanisha waliogombana, na huwaita watu usiku mmoja bila kuwauliza kabila wala dini. Je, chama cha siasa kilihitaji ufundi gani zaidi ya huo? Wanaotaja kadi nambari 2 na kuinyamazia Skylarks wanataja tunda na kuusahau mti.

Sababu za ukimya huo hazijifichi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 Ally alibaki katika biashara zake. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, ambalo liliwakataza viongozi kuwa na hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha, na tangu hapo mfanyabiashara alitazamwa kwa shaka katika simulizi ya taifa. Mwanamuziki wa ridhaa alikuwa na bahati isiyozidi hiyo. Sauti iliyokumbukwa ni ile iliyopanda jukwaa la umma. Kepteni John Komba, mwana wa mwambao wa Nyasa aliyefariki mwaka 2015, alijulikana nchi nzima kwa sababu aliimbia jeshi na chama. Sifa hiyo alistahili; lakini wapiga mganda wa mwambao huo huo, walioimbia kijiji, hawakupata wa kuwaandika.

Na mganda wenyewe una mengi ya kufanana na maisha ya Ally Sykes. Ngoma ya beni, iliyoanzia pwani kwa kuiga bendi za kijeshi, ilisafiri bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kando ya Ziwa Nyasa ilikutana na vibuyu vya kupuliza na ngoma kubwa, ikawa mganda, ngoma ya wanaume waliovaa nadhifu na kujipanga safu kama gwaride, wakiwa na vyeo vyao. Wanawake nao wakawa na kioda. Askari alirudi nyumbani, akaweka silaha chini, akaigeuza amri kuwa mchezo. Ndivyo ilivyokuwa Umatengo na mwambaoni baada ya vita vya kwanza; na mtu aliyerudi Dar es Salaam kutoka Burma baada ya vita vya pili, akaunda bendi, alifuata njia ile ile.

Ally Sykes alifariki mwaka 2013. Alikuwa na bahati ya kadi. Bila hiyo, huenda Skylarks isingetajwa na mtu yeyote. Wenye maduka na wapiga mganda wa Maguu hawana kadi ya kuwatetea. Wana wazee wachache wanaojua nani aliongoza safu, nani alinunua ngozi ya ngoma kwa fedha yake mwenyewe, na nani aliwalisha wageni waliokuja kushindana. Mwanafunzi mwenye daftari na kalamu angeweza kuyaandika hayo kwa likizo moja. Akichelewa, majina hayo yatazikwa pamoja na wazee.