Mneso na Uvungu

Gereji hii ya Kibiti haina ukuta. Ina mwembe, ina magogo mawili ya kupandishia gari, na ina kipande cha boksi ambacho fundi hukitandika mchangani anapotaka kuingia chini. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikingoja bushi za gari langu, maana barabara ya Nyamisati ilishazitafuna, ndipo kijana mmoja akaingia na Toyota IST nyeupe iliyokaa chini mpaka tairi za nyuma zimemezwa nusu na madigadi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limepatwa na nini hili gari?"

"Hakuna kitu, nimelishusha tu. Walinikatia springi Dar. Ila nikipita kwenye tuta linagonga."

Fundi akajilaza kwenye boksi, akapitisha mkono chini ya sampu. Ngumi ya kwanza ikaingia. Ya pili, aliyotaka kuiweka juu yake, ikakosa pa kukaa. Akasema kutoka huko huko chini: "Umebaki na uvungu wa ngumi moja. Kwa njia za huku huendi nao popote."

Uvungu! Mimi kazi yangu ni kutafsiri, na nyaraka za magari zimepita mikononi mwangu kwa miaka mingi. Kila nilipofika kwenye kipimo hicho niliandika "umbali kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari", maneno kumi na moja kwa kitu ambacho fundi amekimaliza kwa neno moja. Kila mtoto aliyewahi kujificha chini ya kitanda anajua uvungu ni nini, na anajua pia kwamba ukiwa mdogo huingii. Wengine husema mvungu, ni sawa. Ukiongeza "wa gari" tu, istilahi imekamilika, na hakuna anayehitaji kuelezwa.

Neno gumu ni lile lililo juu ya uvungu: saspensheni yenyewe. Niliwahi kupewa fomu ya ukaguzi wa gari, imekwisha tafsiriwa, niipitie tu kabla ya kuchapwa. Kwenye mstari wa saspensheni mtafsiri alikuwa ameandika "mfumo wa kusimamisha gari". Naelewa alikolitoa. Mtumishi anasimamishwa kazi, leseni inasimamishwa, basi naye akasimamisha. Lakini msomee dereva yeyote wa Barabara ya Kilwa maneno hayo, atakanyaga breki. Mfumo wa kusimamisha gari ni breki, hauwezi kuwa kitu kingine. Fomu ile ingesema breki ni mbovu wakati breki nzima, au breki nzima wakati springi imekatika.

Njia ya pili ni kufuata asili ya neno la Ulaya, ambayo ni kutundika. Zamani za magari ya farasi, sanduku la abiria lilitundikwa kwa mikanda ya ngozi ili mashimo ya njia yasiwafikie abiria mifupani. Kwa hiyo wapo wanaopendekeza "mning'inio". Kwa historia ni sahihi, kwa gari la leo si sahihi. Bodi haining'inii popote. Imekalia springi, imezilemea. Neno linalomfanya msomaji aone kitu kikining'inia wakati macho yake yanaona kitu kimekaliwa litamsumbua kila anapolisoma.

Mafundi wenyewe husema springi na shokapu, na kamusini yupo ndugu yake shokapu anayeitwa shokomzoba. Ni maneno mazuri, hai, ya kazini, na sina nia ya kuyagusa. Kasoro yake ni kwamba yanataja vipande, na mara nyingi kipande kimoja hubeba jina la vyote: mtu akisema "nimebadili springi" anaweza kuwa amebadili chochote. Kijana wa IST alikatiwa springi akaamini amebadili kimo cha gari peke yake. Angekuwa na jina la mfumo mzima, huenda angeuliza shokapu zitafanyaje.

Jina ninalolitetea ni mneso. Kunesa ni kulemewa, kupinda, kisha kurudi bila kuvunjika. Ubao mwembamba uliotandazwa juu ya mfereji hunesa ukiukanyaga. Pale Nyamisati, mahali watu wanapopandia boti za Mafia, nilimwona mzee akipanda kutoka majini na mzega, ndoo mbili za samaki, moja kila ncha ya mti. Mti ulikuwa ukinesa kwa kila hatua. Ndoo ziliposhuka ncha za mti zilishuka nazo, ziliporudi juu mguu wake ulikuwa tayari umeshakanyaga, na bega halikupigwa. Angebeba uzito ule ule kwa bomba la chuma, angeufikisha bega likiwa limechubuka. Kazi ile ya mti ndiyo kazi ya springi.

Kisha nikaona jambo la pili, ambalo ni robo tatu ya somo zima. Alipofika kwenye mchanga mgumu, mwendo wake ukalingana na mneso wa mti, na ndoo zikaanza kuruka juu zaidi kila hatua mpaka maji ya samaki yakamwagika. Yule mzee hakusimama. Alivunja hatua, akapiga mbili fupi, akashika kamba za ndoo kwa viganja, mruko ukafa. Viganja vile ni shokapu. Springi hupokea pigo la shimo na kulirudisha, na ikiachwa peke yake hulirudisha tena na tena. Ndani ya shokapu mna pistoni inayosukuma mafuta yapite kwenye matundu madogo. Mafuta yanapigania njia, yanapata joto, na ule mruko unaishia humo. Ndiyo sababu shokapu za gari lililopita njia mbaya ukizigusa huwa za moto.

Turudi kwenye IST. Springi ya mizunguko 6 ikikatwa 2, ugumu wake unapanda kwa nusu ya ule wa awali, kwa sababu kila mzunguko ulikuwa ukitoa sehemu yake ya mneso na sasa imebaki michache ya kuitoa. Shokapu iliyobaki ni ile ile ya zamani, iliyopimwa kwa springi laini, na sasa inaombwa kutuliza kitu kigumu kuliko nguvu yake, huku ikifanyia kazi kipande kifupi cha mwendo wake. Shimo kidogo tu, inagonga mwisho. Gurudumu linaloruka halishiki barabara, na gurudumu lisiloshika barabara halina breki wala halina usukani. Wanaoshusha gari husema linakuwa tulivu kwenye kona, na kwenye lami safi, kwa springi fupi zilizotengenezwa pamoja na shokapu zake, ni kweli: uzito ukishuka gari hulala kidogo. Msumeno na mtungi wa gesi havitengenezi utulivu huo. Moto wa kukatia huharibu ugumu wa chuma, na ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake. Katika magari madogo mengi springi ya nyuma husimama peke yake mbali na shokapu. Gurudumu likidondokea shimoni, springi fupi inabaki inacheza, na inaweza kutoka mahali pake.

Hayo ni ya lami. Kibiti ni mji wa lami moja. Ukitoka Dar unapita Mkuranga, Jaribu Mpakani, Bungu, unaingia Kibiti, unaendelea Ikwiriri na Daraja la Mkapa, yote hayo kwa raha. Lakini watu hawaishi kwenye lami. Wanaishi ng'ambo ya vumbi na tope, upande wa delta, ambako mvua ikinyesha magurudumu ya malori huchimba mifereji miwili na kuacha tuta la udongo katikati. Tuta hilo ndilo linalopima uvungu. Sampu ikikwangua jiwe mafuta yanamwagika, na dereva asipoona taa ya onyo anapoteza injini kabla ya kufika Ruaruke. Aprili 2024 mto Rufiji ulifurika ukafunika mashamba na makazi ya Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei Kimbunga Hidaya kikakata barabara ya Lindi kule Somanga. Katika nchi ya maji namna hii kila sentimita ya uvungu ina maana ya kufika au kubaki.

Je, sheria inamkataza kijana huyu? Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari lililo barabarani liwe zima, lisihatarishe watu. Kwa hiyo kushusha gari si kosa kwa jina lake. Kosa ni ubovu unaotokana nako, na springi iliyokatwa kwa gesi ni ubovu mchana kweupe. Kuna bima pia: mkataba wa bima husimama juu ya kusema kweli, na mwenye gari aliyebadili mneso bila kuiambia kampuni ya bima ameipa sababu ya kukataa kulipa gari lake.

Wenzetu wengine wamekwenda mbali zaidi. Ujerumani mabadiliko ya namna hii hukaguliwa na mhandisi na kuandikwa kwenye hati za gari. California, tangu 1958 hadi mwisho wa 2023, gari dogo halikuruhusiwa kushushwa mpaka sehemu yake yoyote iwe chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu inapimika: tairi likipasuka, gari likalie rimu, bodi isiguse barabara. Kanuni ilipotoka, ili kuikwepa, kijana aitwaye Ron Aguirre alifunga mitambo ya haidroliki kwenye Corvette yake mwaka 1959, gari likawa linapanda na kushuka kwa swichi, na mtindo mzima wa magari ya chini ukazaliwa upya hapo.

Kanuni inayopimika inahitaji neno linalopimika. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Ipo siku hati ya mashtaka itasomwa Kibiti kwa mtu aliyeua kwa gari lenye springi zilizokatwa. Hati ikisema "mfumo wa kusimamisha", wakili yeyote makini ataleta ripoti ya breki zilizo nzima, na shauri litaanza kuyumba hapo. Hati ikisema mneso wa gari uliharibiwa na uvungu ukapunguzwa, hakimu, mshitakiwa na mama wa marehemu aliyekaa benchi la nyuma wote watakuwa wameelewa jambo moja. Ndiyo maana nalililia neno hili.

Fundi alitoka chini akijikung'uta mchanga. Kijana aliomba awekewe vipande vya mpira katikati ya mizunguko ili gari linyanyuke kidogo. Fundi alikataa katakata. "Mpira ule unaiziba springi isinese. Nitafute springi kamili, za mtumba lakini nzima, mbili mbili, na shokapu tuzijaribu. Kwanza tuandike limekujaje."

Kijana akapiga magoti, akaingiza ngumi yake. Ngumi yake ni ndogo, ikaingia moja na nafasi ikabaki. "Mbona mimi napata zaidi?"

Fundi akacheka, akaenda kwenye sanduku la spana akarudi na futi ya chuma. Waliinamia wote wawili, vichwa vimegusana chini ya bampa. Kisha akafungua kauntabuku lenye alama za grisi, akaandika namba ya gari, na chini yake: *Uvungu sm 9.*